Jeni Zilizozaliwa Septemba

Nilipelekwa Mtwara nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Njombe na sweta mbili ndani ya begi. Mama yangu alikuwa na hakika kwamba hapa duniani hakuna mahali pasipohitaji sweta. Dada yake, mama mkubwa wangu, alinipokea stendi, akalifungua begi palepale, akazitoa zile sweta na kuzinyanyua watu wazione, akacheka mpaka akamshika bega mwanamke asiyemjua.

"Mdogo wangu bado anadhani Ntwara ni mtaa wa Makambako," alisema.

Alisema Ntwara kama wenyeji wasemavyo. Alikuwa ameishi pale muda mrefu kiasi cha kuiba matamshi.

Yeye na mumewe walikaa Shangani, katika nyumba ya watumishi wa bandari. Baba mkubwa alikuwa karani wa shehena: alisimama gatini na ubao wake mkononi akihesabu magunia yanavyopanda melini. Mama mkubwa alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo. Mume anahesabu, mke anachapa, na kwa kuwa mke ndiye aliyekalia mashine, neno la mwisho lilikuwa lake.

"Baba yako mkubwa kaniletea orodha leo," aliniambia siku moja tukiwa mezani, mwenyewe akiwa amekaa palepale. "Inasema meli imepakia saruji kwenda India. Saruji! Wahindi siku hizi wanakaanga saruji?"

Baba mkubwa aliendelea kumenya chungwa lake. "Niliandika korosho. Ni mwandiko tu."

"Mwandiko wako upelekwe hospitali."

Silaha ya mama mkubwa ilikuwa rula ya chuma. Akimaliza kuchapa ukurasa, aliiweka chini ya mstari wa kwanza, akausoma, akaishusha mstari mmoja, akasoma tena, hadi mwisho. "Macho husoma yanachotaka," alikuwa akisema. "Rula husoma kilichopo." Nilimwona akiipitisha kwenye ratiba ya kwaya, kwenye karatasi ya maelekezo ya dawa ya mbu, na kwenye barua za mama yangu, ambazo alizirudisha Njombe zikiwa zimesahihishwa kwa penseli.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa mzaha na sigara. Alianza kukohoa nikiwa kidato cha pili. Kwanza alilaumu vumbi la saruji. Ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho unga wa salfa, akalaumu upepo wa kutoka Mpapura, kana kwamba wakulima wa kule waliamka alfajiri na kubeba mashine zao mgongoni kwa nia ya kumlenga yeye. Sigara hakuilaumu hata mara moja. Alikuwa mwaminifu kwa marafiki zake.

Akatibiwa kifua kikuu, kwa sababu dalili zilifanana, na kikohozi hakikuondoka. Mwishowe akapanda meli kwenda Dar es Salaam, maana barabara wakati wa mvua haikuwa barabara, na akarudi na picha ya kifua ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Walimwambia ni kansa ya mapafu, imeshasambaa, na dawa zilizopo hazitamfaa kitu. Alitueleza hayo yote akiwa amesimama mlangoni, kabla hajavua viatu.

Wiki moja baadaye aliniita barazani. Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo.

"Wewe unasoma baiolojia. Hebu nichoree hayo mapafu."

Nikachukua karatasi chakavu ya ofisini, nikachora: bomba la hewa, matawi mawili, vitawi, na mwisho wa kila kitawi vifuko vidogo vidogo. Akaigeuza karatasi juu chini.

"Huu ni mkorosho," alisema. "Wamekupindulia tu."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Na ubwiriunga wangu uko tawi lipi?"

Ubwiriunga ni ule ukungu mweupe unaokausha maua ya korosho, na ndio unaopuliziwa salfa. Nikamwonyesha pafu la kulia, upande wa juu, kama nilivyoona kwenye picha yake.

"Haya. Salfa yake ni ipi?"

Nikafungua daftari langu. Nilipekua kurasa zote nikijua fika nitakachokuta. Kuhusu kansa mwalimu alituandikisha sentensi moja tu: kwamba ni seli zinazogawanyika bila utaratibu. Nikamsomea.

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Bila utaratibu! Usimsomee mama yako mkubwa hiyo. Atasema ni mwandiko wangu."

Mimi sikucheka. Niliona aibu kama mtu aliyealika wageni halafu wakakuta chungu kitupu. Alifariki kabla sijafanya mtihani wa kidato cha nne. Mama mkubwa hakulia mbele za watu. Alichapa mwenyewe ratiba ya mazishi, akatoa nakala, kisha akakaa akazipitia zote kwa rula, nakala moja baada ya nyingine, ingawa zote zilikuwa za ukurasa uleule mmoja. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Baada ya kidato cha sita nilikwenda Chuo Kikuu, kisha nikapata ufadhili wa kwenda nchi za nje, mahali ambapo hatimaye mama yangu alikuwa sahihi kuhusu sweta. Niliingia katika maabara iliyokuwa ikitafuta dawa mpya za kansa ya mapafu. Watu wa nyumbani waliposikia hivyo walidhani natwanga mizizi. Kumbe nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, nikitazama namba mpaka zinaanza kunitazama na mimi.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilirudi Mtwara likizo, mwezi wa saba. Profesa wangu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa tarehe, alitaka nimtumie orodha ya mwisho kabla likizo haijaisha, ili maabara ianze kujaribu dawa nitakazokuwa nimezichagua. Nilibeba kazi yote kwenye kompyuta yangu ya mkononi na nakala kwenye CD. Kompyuta iliaga dunia baada ya Nangurukuru, mahali ambapo basi letu lilikuwa likiruka kuliko lilivyokuwa likitembea. CD ikasalimika. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda mjini, kwenye duka la intaneti la mwanamke mmoja wa Mpapura, mtoto wa wakulima wa korosho, aliyevaa hijabu nadhifu na kuwasimamia wateja wake kama mwalimu wa zamu.

Gesi asilia ilikuwa bado haijaanza kutuletea umeme wa maana. Taa zilikuwa zikizima, kompyuta zikizima, na wateja wote wakisema "aah!" kwa pamoja kama waliokubaliana. Baada ya kupoteza kazi ya asubuhi tatu mfululizo niliamua kuchapisha kila kitu, nisomee nyumbani kwenye karatasi, ambazo hazizimi. Printa yake ilikuwa ile ya zamani ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Ililia kama cherehani, karatasi zikashuka mpaka sakafuni, zikajikunja, zikaendelea kushuka.

"Dada," alisema mwenye duka akizitazama, "nzigo nzito huu. Unachapa nsahafu?"

"Ni orodha ya jeni."

"Za nani?"

"Za watu wenye kansa ya mapafu."

Akaenda kuongeza karatasi bila kuambiwa.

Mama mkubwa alikuwa amestaafu, na kustaafu kulikuwa kumemshinda. Aliyapanga makabati, akayapangua. Niliporudi na furushi lile la karatasi alinifuata hadi barazani.

"Leo utanieleza unafanya nini," alisema. "Kanisani wananiuliza, nami nasema 'utafiti, utafiti,' kama kasuku."

Nikamweleza kwamba kila seli ya mwili ina kitabu kizima cha maelekezo, na jeni ni kama kurasa za kitabu hicho.

"Seli ya ukucha na seli ya pafu, kitabu kimoja?"

"Kimoja."

"Sasa ukucha unajuaje usiwe pafu?"

"Unafungua kurasa zake tu. Nyingine hauzigusi."

"Na kansa?"

"Inafungua kurasa ambazo pafu lilitakiwa kuziacha, na inazisoma kwa kelele. Zile za kuituliza inazifunga. Sisi tunachukua kipande kigonjwa na kipande kizima cha pafu la mtu huyohuyo, tunapima kila ukurasa unasomwa kwa nguvu kiasi gani, kisha tunalinganisha."

"Mkishajua?"

"Kuna orodha ya pili, ya dawa. Nyingi ni za zamani, za presha, za minyoo, za chochote. Watu wamezijaribu kwenye seli na kuandika kila dawa inafunga kurasa zipi na kufungua zipi. Mimi natafuta dawa inayofanya kinyume cha kansa: kilichofunguliwa ikifunge, kilichofungwa ikifungue."

"Kwa hiyo una orodha ya mzigo uliopakiwa, na orodha ya mzigo uliotakiwa, unaangalia wapi hazikubaliani."

"Ndiyo."

"Mwanangu, hiyo ni kazi ya karani."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Hakuna jambo lililompendeza zaidi mwaka ule. Akaomba orodha. Nikampa ile ya majina ya jeni, kama mtu anavyompa mtoto sufuria tupu achezee, nikaingia ndani kulala kidogo.

Kesho yake, baada ya chai, aliniita. Alikuwa amevaa miwani, karatasi zimetandazwa mezani, rula iko katikati ya ukurasa.

"Hebu njoo. Hii tarehe mbili Septemba ni jina la jeni gani?"

"Hiyo itakuwa tarehe ya kipimo," nilisema bila kuinama vizuri.

"Tarehe ya kipimo iko safu ya majina? Nimechapa orodha za meli miaka ishirini na sita. Tarehe haikai kwenye safu ya jina la mzigo." Akashusha rula. "Huyu hapa naye ni tarehe saba Septemba. Huyu tarehe moja Machi. Au wameandikwa siku walizozaliwa?"

Nikacheka. Nikamwambia printa ile ni kuukuu, inaweza kuandika lolote.

"Printa ya yule binti haijui Septemba ni nini," alisema. "Nimewawekea alama kwa penseli. Wako kumi na tisa."

Kicheko kikaniishia mdomoni. Nilivuta kiti, nikasoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa rula yake. Kuna jeni ambazo majina yake ya mkato yanafanana na miezi ya Kiingereza: Sept na namba, March na namba, Dec na namba. Nilipoyaingiza majina kwenye jedwali la kompyuta, kompyuta iliona Sept mbili, ikadhani nimekusudia tarehe, ikanirekebishia. Na nilipolinganisha orodha hiyo na ile ya dawa, hakuna dawa iliyowahi kusikia jeni inayoitwa Tarehe Mbili Septemba, hivyo zote kumi na tisa zikaachwa nje kimyakimya. Tatu kati ya hizo zilikuwa miongoni mwa zile zilizopiga kelele kuliko zote kwenye kansa.

Miezi mitano nilikuwa nimezitazama safu zile kila siku. Masikio yalinichoma.

"Kwa hiyo kompyuta ilibadilisha jina la mzigo?" mama mkubwa aliuliza.

"Ndiyo."

"Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza."

"Ningeifukuza kazi."

Siku nne zilizofuata tulikwenda mjini pamoja. Mama mkubwa alivaa gauni lake la Jumapili, maana alisema anarudi kazini. Aliketi kando yangu, na nilipokuwa nikirekebisha majina aliiweka rula juu ya kioo cha kompyuta na kuishusha taratibu.

"Mama, utakwaruza kioo," alisema mwenye duka.

"Nakwaruza kansa, mwanangu."

Mwenye duka akaleta kitambaa laini, akaizungushia rula ukingoni, wakaelewana. Siku ya tatu nilikuta wanagawana mihogo ya kuchemsha na mama mkubwa anamfundisha kupanga vidole kumi juu ya herufi bila kuangalia chini. Umeme ulipozima, wao ndio hawakusema "aah."

Nilipolinganisha upya, mpangilio wa dawa ulibadilika. Ile niliyokuwa nimeiweka ya kwanza ilianguka mbali chini. Ya tisa ikapanda ikawa ya kwanza. Ilikuwa dawa ya zamani ya minyoo.

"Minyoo?" Mama mkubwa alinitazama juu ya miwani. "Kama ile tuliyokunywesha ulipofika kutoka kwa mama yako?"

"Ya jamii hiyohiyo."

"Ulivyolia siku ile! Kumbe ulikuwa unalilia dawa ya kansa."

Nikamwandikia profesa barua pepe nikikiri kosa lote. Niliiandika mara sita. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na lilikuwa na swali moja tu: nani aliyeliona? Nilifikiria kuandika "tumeliona." Mama mkubwa alikuwa nyuma ya kiti changu, ila hakujua Kiingereza cha kutosha kunikamata. Hata hivyo nikaandika ukweli: dada mkubwa wa mama yangu, mpiga chapa mstaafu wa bandari, kwa rula. Profesa akajibu siku hiyohiyo akiuliza kama mama huyo angekubali kupitia orodha za watafiti wengine wawili wa maabara yetu.

Nikamtafsiria. Alinyoosha gauni lake magotini.

"Waambie walete," alisema. "Lakini wachape safu zikae wazi. Mimi si mganga."

Orodha ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na Septemba tele, na mwenye orodha hiyo alikuwa mtafiti mkubwa aliyekuwa akinifundisha mimi namna ya kuwa makini. Niliporudi maabara aliniletea boksi la chokoleti nimtumie mama mkubwa. Aliligawia kwaya nzima, na kila aliyepewa kipande alilazimika kwanza kusikiliza habari ya jeni zilizozaliwa Septemba.

Maabara ikaanza majaribio. Ile dawa ya minyoo ilipowekwa kwenye seli za kansa ndani ya visahani, ilizipunguzia kasi kweli. Tulipiga makofi, mtu akaleta keki. Kisha ikajaribiwa kwa panya, na kwa panya haikufanya lolote. Dozi ndogo haikusaidia, dozi kubwa ikawaumiza. Wakati huo mama mkubwa alikuwa amepata simu ya mkononi, aliyoishika mbali na sikio kana kwamba inamwagika. Nikampigia.

"Imeshindwa, mama mkubwa. Kwa panya imeshindwa."

"Panya wamekufa?"

"Wachache."

"Masikini." Nikamsikia akimfukuza kuku wa jirani. "Halafu ya pili kwenye orodha?"

"Tunaianza mwezi ujao."

"Ya tatu ipo?"

"Ipo. Mpaka ya ishirini zipo."

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mwaka ule baba mkubwa alipougua, yeye alichapa barua kwa kila hospitali aliyopata anwani yake, wakati wa mapumziko ya mchana, mlango wa ofisi umefungwa. Baadhi walimjibu kwa adabu kwamba dawa hakuna.

"Walisema hakuna, basi," alisema. "Hawakuniambia kama kuna mtu anatafuta. Ningesikia kuna orodha, hata kama jina lake halimo, ningelala vizuri kidogo."

"Wakati ule orodha haikuwepo, mama mkubwa."

"Najua. Nakuambia tu."

Nikamuuliza miguu yake, iliyokuwa imeanza kumsumbua, inaendeleaje, akasema inaendelea kuwa miguu.

Ya pili nayo ilishindwa, mapema zaidi. Ya tatu ilifika mbali kidogo: ilipochanganywa na dawa ya kawaida ya kansa, uvimbe wa panya ulisinyaa kuliko kwa dawa ya kawaida peke yake, na kazi ikachukuliwa na watu wanaotibu wagonjwa, ambao nao wana utaratibu wao mrefu wa kupima na kungoja. Si dawa bado. Siku nilipopata habari hiyo nilimpigia asubuhi, akapokea akiwa sokoni, kelele zimemzunguka pande zote.

"Ya tatu imepita kwa panya," nilipaza sauti.

"Ngoja!" alisema, na nikatambua haniambii mimi bali muuza samaki. "Weka chini huyo samaki changu, nitakuja. Mwanangu ananisomea orodha." Kisha kwangu, taratibu kabisa: "Haya. Anza mwanzo, na usiruke mstari."